Jeshini waling'oa, mtaani waniambia niliokoe: nani ana haki?

SWALI

"Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni sajini mstaafu, naishi Malindi. Miaka yote ya kazi meno yangu yalikaguliwa kila mwaka, sikutoa hata senti. Kabla ya kupelekwa Somalia niling'olewa magego mawili ya mwisho ya chini, na hayakuwa yameniuma hata siku moja. Sasa nina gego jingine, chini kushoto. Linauma nikinywa chai, na likianza haliachi mpaka nimeswali nikamaliza. Kliniki moja imeniambia nitibiwe mzizi kwa KSh 15,000, kisha kofia juu yake kwa KSh 25,000. Jirani yangu ananiambia ng'oa kwa elfu mbili, yaishe. Najiuliza: jeshi lilinitunza au liliniharibia kinywa? Na sisi tuliorudi uraiani tufanyeje? Pia nina kijana wa miaka 19 anayetaka kuingia jeshini. Alizaliwa na kukulia kambini Gilgil, meno yake yana madoa ya kahawia na moja limetoboka. Wenzake wanamwambia hatapita. Wadogo zake waliozaliwa huku Malindi meno yao ni meupe pe."

JIBU

Wa alaykum salaam mzee wangu, na pole kwa jino. Nianze na lile linalokukera moyoni, kisha tuje kwenye linalokuuma kinywani.

Waliokung'oa magego kabla ya Somalia hawakukudhulumu. Na huyo wa kliniki anayetaka jino liokolewe hakufanyi mtaji. Kila mmoja alijiuliza swali lake. Daktari wa jeshi hujiuliza: nikimtuma mtu huyu mahali pasipo na kiti cha meno kwa miezi sita au mwaka mzima, kinywa chake kitamwangusha? Daktari wa mtaani hujiuliza: jino hili naweza kulifanya limfae mwenyewe kwa miaka mingapi? Ndiyo maana jino lile lile laweza kung'olewa kambini na kuokolewa mjini, na wote wawili wakawa wametimiza kazi yao.

Majeshi ya Marekani na ya nchi nyingi za NATO yamelipanga jambo hili kwa madaraja manne, na ukiyajua utaelewa ile foleni uliyokuwa ukipangwa kila mwaka. Daraja la kwanza ni mwenye kinywa kisichohitaji kazi yoyote. La pili ni mwenye kazi ndogo, kama ukoga wa kuondoa au shimo dogo la kuziba, lakini haitarajiwi kumlaza ndani ya miezi 12 ijayo. La tatu ni yule ambaye daktari akimtazama anaiona dharura kabla mwaka haujaisha: shimo limekaribia kiini cha jino, kuna usaha chini ya mzizi, au gego la mwisho limekwama na ufizi wake huvimba mara kwa mara. La nne ni yule ambaye hajakaguliwa, au ukaguzi wake umepitwa na wakati. Walio katika daraja la kwanza na la pili huenda kazini. Wa la tatu na la nne hubaki mpaka washughulikiwe.

Hilo la nne ndilo ninalotaka ulishike. Mtu anaweza kuwa na meno yote 32 mazima, lakini kwa kuwa hakuna aliyemtazama, anahesabiwa hafai kwenda. Uraiani mambo ni kinyume: ambaye hajatazamwa ndiye anayehesabiwa mzima, mpaka siku shavu litakapovimba. Ukiniuliza mimi, tofauti kubwa ya matibabu ya meno jeshini na mtaani iko hapo. Dawa ya ganzi ni ile ile, koleo ni lile lile, na mbinu za kuziba ni zile zile. Kilichokulinda miaka yote ile ni amri. Kuna mtu aliyeandika jina lako kwenye orodha, na usipotokea ukaulizwa.

Majeshi hayakufika huko kwa huruma. Enzi za magobori, askari alipasua kwa meno karatasi iliyofungia baruti na risasi, kwa hivyo asiye na meno ya mbele hakuwa na faida katika mstari. Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, viliwatoa kazini wanajeshi wengi wa Uingereza kwa sababu ya meno tu, maana chakula chao kilikuwa nyama ngumu na biskuti za kuvunja kwa nguvu, na mwenye meno mabovu hakuweza kula akashiba. Hata hivyo somo halikuingia. Mwaka 1914, katika mapigano ya mto Aisne huko Ufaransa, Jenerali Douglas Haig alishikwa na jino, na jeshi lake halikuwa na daktari hata mmoja wa meno karibu. Ikabidi aletewe mmoja kutoka Paris. Jino la mkubwa likafanya ambalo meno ya maelfu ya wadogo hayakuweza: muda mfupi baadaye madaktari wa meno wakaanza kupelekwa vitani, na mwaka 1921 Uingereza ikaunda kikosi chake cha matibabu ya meno. Marekani ilikuwa imeunda chake mwaka 1911. Nao pia, walipoandikisha vijana kwa wingi mwaka 1941, walidai kila mmoja awe na angalau meno 12 yanayokutana juu na chini. Wakajikuta wanawarudisha vijana wengi mno, na masharti yakalegezwa. Leo Umoja wa Mataifa katika misheni zake huitaka hospitali ya uwanjani ya ngazi ya pili iwe na huduma ya meno pamoja na upasuaji na eksirei. Ngazi ya kwanza, iliyo karibu zaidi na askari, haina.

Sasa magego yako mawili. Gego la mwisho la chini mara nyingi hukosa nafasi ya kutoka, likabaki nusu limejitokeza na nusu limefunikwa na ufizi. Chakula huingia chini ya ufizi ule, na mswaki haufiki. Linaweza kukaa kimya miaka kumi. Siku likiamka, mtu hawezi kufungua mdomo wala kumeza, na homa humpanda usiku mmoja. Mjini, tabibu huweza kusubiri. Uingereza, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, iliamua mwaka 2000 kuwa gego la mwisho lililokwama lisiondolewe ikiwa halina ugonjwa wowote, kwa sababu upasuaji wenyewe una hatari zake: mishipa ya fahamu ya ulimi na mdomo iko karibu, na kidonda huweza kukauka vibaya na kuuma siku nyingi. Daktari wa jeshi anaujua mwongozo huo. Lakini anajua pia kwamba ukivimba ukiwa katika kambi ya mbele, pengine itabidi helikopta iruke kwa ajili ya jino, na wenzako wabaki na pengo katika zamu. Akaona bora uumie wiki moja ukiwa nyumbani, karibu na yeye. Wanaume wa Lamu hukitia chombo kalafati kikiwa pwani, kabla msimu haujaanza, na daktari wako wa jeshi alifuata hesabu hiyo hiyo.

Tena sikubali wanaosema hesabu hiyo ni ya wanajeshi peke yao. Mimi namwona mvuvi wa Kizingitini, mwalimu wa Ndau na mama wa Kiwayu, huko visiwa vya Lamu, kuwa wako karibu zaidi na hali ya askari kuliko ya mtu wa Malindi mjini. Malindi, jino likikushika usiku, asubuhi unapanda tuktuk ukafika kliniki. Kiwayu, usiku, kusi limechafuka na boti ya mwendo kasi ikidai mafuta ya maelfu, mwenye jino ana nini? Wavuvi wanaokwenda dago hukaa wiki nyingi mbali na nyumbani, wakilala ufukweni na kula wali, samaki na chai ya sukari nyingi. Mtu wa namna hiyo akija kwangu na gego ambalo mjini ningesema "tulitazame kwanza", namuuliza anaondoka lini na atarudi lini. Jibu lake hubadilisha ninachomfanyia. Umbali wako na kiti cha daktari ni sehemu ya ugonjwa wako, na jambo hilo jeshi lililielewa mapema kuliko sisi wa hospitali za raia.

Nikueleze mfano mmoja wa tunayoyaona. Mvuvi wa Pate aliletwa hospitali akiwa na shavu lililovimba mpaka jicho limefumba nusu. Alikuwa dagoni jino lilipoanza. Mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili tu. Ndani ya shimo la jino alikuwa ameshindilia karafuu iliyosagwa, na juu ya ufizi kulikuwa na ukanda mweupe ulionyauka: alikuwa ameponda aspirini akaiweka pale. Karafuu hutuliza kwa muda, hilo ni kweli, mafuta yake yana nguvu ya ganzi. Aspirini ikiwekwa juu ya ufizi huuchoma, haina faida nyingine pale. Tulimfungua usaha, tukang'oa jino, akapona. Lakini lile shimo lilikuwa na umri wa miaka, na lingezibwa kwa nusu saa wakati lilipokuwa dogo kama mtu yeyote angalimfungua mdomo akatazama.

Wala yeye si mtu wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote waliopimwa fizi zao zikitoka damu, na takriban mmoja kwa kila watatu ana jino lililooza. Wengi wetu hutafuta daktari tukishaumwa. Na jino likishauma, uchaguzi umeshapungua na bei imeshapanda.

Kuna jambo la bahari ambalo wachache hulizungumza. Vijana wanaopiga mbizi kutafuta kamba, na wanaowapeleka watalii kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, hupata maumivu ya ghafla ya jino wakishuka au wakipanda. Hewa iliyonaswa chini ya jino lililozibwa vibaya, au ndani ya shimo lililofichika, hubanwa na kutanuka mgandamizo unapobadilika. Marubani wa vita vya pili vya dunia walilijua tatizo hili angani, na wapiga mbizi wa majeshi ya maji hukaguliwa kwa ajili yake. Raia hatukagui. Kama una mpiga mbizi nyumbani na ana jino lililozibwa kwa muda tu, mwambie alimalizie kabla ya kurudi majini.

Sasa nisikusifie jeshi kupita kiasi. Mtindo wa kufikiria safari una gharama zake, na wewe umezibeba. Askari hachagui daktari wake. Anahamishwa kambi, anakutana na mwingine, na jino lililoanzwa hapa linamaliziwa kule, au halimaliziwi. Palipo na haraka, kung'oa hushinda kuokoa, kwa sababu kung'oa humalizwa siku moja na kutibu mzizi huhitaji kurudi mara mbili tatu na kofia baadaye. Jeshi pia haliangalii sana miaka yako ya 60 na 70, maana wakati huo hutakuwa wake. Daktari wa mtaani akiwa mzuri hukuangalia kama mtu atakayezeeka mbele yake.

Na siku ya kustaafu, mlango unafungwa ghafla. Hili si la kwetu tu. Uingereza, askari aliye kazini hatozwi chochote kwa meno, lakini akitoka huingia foleni moja na raia wengine na hulipa ada kulingana na kazi aliyofanyiwa. Marekani, wastaafu wengi wa jeshi hununua bima ya meno kwa fedha zao wenyewe, na hospitali za maveterani hutibu meno ya makundi fulani tu, kama walioumia kazini kwa kiwango kikubwa au waliokuwa mateka wa vita. Wanaume waliozoea kuitwa kwa jina kila mwaka hukaa miaka mitano bila kufungua mdomo mbele ya daktari, kwa sababu hakuna aliyewaita. Nadhani, mzee wangu, hata wewe umepita hapo. Kama ulijiunga na bima ya wanajeshi wastaafu, DEFMIS, nenda ukawaulize kwa jina la kazi yenyewe: je, mnalipia kutibu mzizi wa gego? Mnalipia kofia? Usiulize tu "meno mnatibu?", maana utajibiwa ndiyo, kumbe wanamaanisha kung'oa. Ukiwa katika bima ya afya ya taifa, SHA, uliza vivyo hivyo, tena uulize katika kituo chenyewe unachotaka kutibiwa kabla hujakaa kitini.

Tuje kwenye gego lenyewe. Kutokana na ulivyoeleza, ningeweka mkono wangu kwamba kiini cha jino kimeshaumia kiasi cha kutorudi. Jino linalouma likiguswa na baridi na kuacha baada ya sekunde chache huwa bado lina uhai mzuri, na kuziba tu kunatosha. Linaloshikwa na chai ya moto likaendelea mpaka swala nzima imeisha, kiini chake kimevimba ndani ya ukuta mgumu usiotanuka, na hakina pa kupumulia. Likianza kukuamsha usiku bila sababu, ndiyo hivyo hivyo. Kisha huja siku ambapo maumivu hukoma ghafla, na watu hufurahi wakasema limepona. Halijapona, limekufa. Baada ya wiki au miezi litaanza kuuma ukilitafunia, na usaha utatafuta njia.

Kwa hiyo una njia mbili tu, mzizi au kung'oa. Kulizungusha kwa dawa hakufai. Vidonge vya antibayotiki havitibu kiini kilichovimba. Vina kazi pale uvimbe unapoenea au homa inapopanda, na hata hapo huwa msaada wa matibabu, havishiki nafasi yake. Mtu akikuuzia amoksilini dukani kwa jino linalouma, umeununua muda, tena mfupi.

Mzizi au kung'oa? Ningekuangalia mambo matatu. La kwanza, ukuta wa jino uliobaki juu ya ufizi. Daktari akiondoa uozo wote na kuta zikabaki imara kuzunguka, angalau milimita mbili za jino zima ambazo kofia itazishika, kazi ina maana. Zikibaki chini ya ufizi, utamwaga KSh 40,000 na jino litapasuka. La pili, jino hilo ni la ngapi na linakutana na lipi juu. Kama ni gego la kwanza au la pili na mwenzake wa juu yupo, ndilo unalotafunia, na kwa kuwa yale ya mwisho hayapo tena, thamani yake imepanda. La tatu, hali ya fizi na mfupa unaolizunguka. Jino linalotikisika haliokolewi kwa kofia.

Likipita yote matatu, mimi ningeliokoa. Si lazima ulipe vyote siku moja. Lipia mzizi sasa, lizibwe kwa kizibo madhubuti, kisha kusanya pesa za kofia kwa miezi michache. Lakini usiridhike na kizibo cha muda ukasahau, maana gego lililotibiwa mzizi huwa dhaifu, na wengi hurudi limegawanyika katikati. Likishindwa mtihani wa kwanza, ng'oa bila majuto. Pengo moja nyuma halikuondolei hadhi ya kutafuna. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limeyahesabu meno 20 yanayofanya kazi kuwa yanatosha kwa mlo wa kawaida. Jirani yako hajakosea kwa kila jino. Amekosea kwa kukujibu kabla jino halijapigwa eksirei.

Na jambo moja halisubiri: ukiona uvimbe unashuka chini ya taya kuelekea shingoni, sauti inabadilika, kumeza kunakuwa kugumu au mdomo haufunguki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane. Malindi kuna hospitali ya kaunti ndogo, na kwa walio visiwani ni King Fahd, Lamu mjini. Usaha wa jino ukiingia shingoni huziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino.

Kuhusu miaka iliyo mbele yako, usiyaache mazuri ya jeshi. Jipangie siku ya ukaguzi na uiheshimu kama ulivyoheshimu amri. Si lazima iwe kila miezi sita kwa kila mtu: mwenye fizi safi na asiye na uozo anaweza kukaa mwaka, hata zaidi, na mwenye kisukari, mvuta sigara, au anayekaa na miraa na soda jioni nzima ahitaji ukaguzi wa karibu karibu zaidi. Kwa umri wako mwambie daktari wa meno dawa zote unazokunywa. Baadhi ya dawa za presha, nifedipine kwa mfano, huvimbisha fizi, na kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana pande zote mbili. Kama unatafuna tambuu, fahamu kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku ndani yake, iliwekwa mwaka 2004 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Yaone hayo kama ulivyoona ukaguzi wa silaha. Mswaki wa mti ni mzuri, lakini ongezea dawa ya meno yenye floridi, na usilale kabla hujapiga mswaki usiku. Chai ya jioni na kaimati haziharibu meno kama vile vipande vya sukari unavyomumunya kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Na andika barua kuomba nakala ya rekodi zako za meno kutoka kwa kikosi ulichostaafia, hasa eksirei ya kinywa kizima kama ilipigwa. Wanajeshi huhifadhi rekodi hizo kwa sababu nzito: jino ni sehemu ngumu kuliko zote mwilini, na mara nyingi ndilo linalotambulisha marehemu wakati mengine yote yametoweka. Kwako wewe mzima, rekodi hiyo inamwonyesha daktari wa leo mzizi ulikuwaje kabla.

Tumalizie na kijana. Madoa yake ya kahawia karibu hakika ni ya floridi, na yeye hana kosa lolote. Maji ya visima vya Bonde la Ufa, Gilgil, Naivasha, Nakuru, mara nyingi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya, takriban mpaka miaka minane, madini ya juu ya jino hutokea yenye mawingu, na hubadilika rangi baadaye. Kwa hivyo kazi yako ilimwekea alama yeye, na wadogo zake waliozaliwa Malindi wakaepuka. Meno hayo hayajaoza, na yakiwa na madoa ya kiasi yana nguvu kama mengine. Asiyasugue kwa mchanga, mkaa au ndimu. Anaondoa madini, na doa linabaki. Daktari anaweza kulipunguza doa kwa kusugua kitaalamu au kuliwekea tabaka jembamba la kuziba la rangi ya jino.

Kuhusu kupita au kutopita, siwezi kumwahidi, kwa maana neno la mwisho ni la maafisa wa afya watakaomkagua siku ya kuandikishwa, na kinywa ni sehemu ya ukaguzi wao. Ninachojua ni kwamba shimo lililotibiwa vizuri linamfaa kuliko shimo wazi, na jino lililozibwa linamfaa kuliko pengo. Asing'oe ili "asije akakutwa na jino bovu". Aje azibwe sasa, afanyiwe usafi wa ukoga, na abebe karatasi ya daktari inayoeleza madoa yake ni ya floridi. Na mtu akimwomba pesa ampitishe kwa sababu ya meno, akatae. Kuandikishwa hakulipiwi, na ukitoa hongo unaishia kushtakiwa kabla hujafika mstarini.

Mwenye jino lililotoboka aje naye siku utakayokuja wewe. Mje asubuhi, kabla jua halijawa kali, na usimeze dawa yoyote ya maumivu kabla ya kuja, ili nikilijaribu gego lako kwa baridi na kwa kuligonga linijibu lenyewe.